Kioo Kipi Kinafaa Mutoyi: Kuchagua Runinga kwa Umeme Tulionao

Runinga mpya husafiri sana kabla ya kufika Mutoyi. Mara nyingi meli huishusha Dar es Salaam, lori huivusha mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga, na kutoka hapo kartoni hupita Karuzi kuelekea Gitega, au hutangulia Bujumbura kwa wauzaji wa jumla ndipo ipandishwe tena milimani. Dukani mnunuzi anakuta kartoni imejaa herufi: LED, QLED, UHD, HDR. Herufi hizo zilichapwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme wake haukatiki. Mnunuzi wa Mutoyi, komini ya Bugendana, ana maswali mengine: itakula wati ngapi, itavumilia umeme unaopanda na kushuka, na ikigoma, fundi wa Gitega ataiweza? Kila ninapoombwa ushauri mimi huanza na hayo matatu, maana ndiyo yanayoamua umri wa kioo.

Runinga za chogo, zilizoingiza picha za RTNB majumbani tangu televisheni ya taifa ilipoanza mwaka 1984, sasa zinamalizikia kwenye vibanda vya mafundi. Zilikuwa nzito na zenye kioo kidogo, lakini zilikuwa na sifa mbili ambazo runinga bapa nyingi hazina: rangi haikubadilika ukitazama kutoka ubavuni, na fundi mwenye pasi ya kuchomelea na kipima umeme aliweza kuzifufua mara nyingi. Mwenye nayo inayofanya kazi vizuri hana sababu ya kuitupa. King'amuzi chenye tundu za waya wa njano, mwekundu na mweupe kitaendelea kuilisha picha.

Plazma ni habari tofauti. Panasonic waliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka uliofuata, lakini zilizotumika bado zinauzwa kwa bei ya chini, zikiwa zimetoka Ulaya au Dubai. Picha yake ni nzuri kweli. Tatizo ni kwamba ya inchi 42 inaweza kula zaidi ya wati 200, na kila nukta ya picha ni kijichumba kilichofungiwa gesi. Ukipanda juu, hewa ya nje inakuwa nyepesi, mgandamizo wa gesi na wa hewa haulingani tena, na kioo huanza kuvuma. Watengenezaji wengi waliandika onyo kuhusu matumizi ya juu ya mita 2,000 hivi, na barabara ya Bujumbura kwenda Gitega inavuka urefu huo pale Bugarama. Kwa nchi ya milima yenye umeme wa shida, plazma ya mtumba ni fedha iliyopotea hata ikiwa rahisi kiasi gani.

Inayobaki kwa wengi ni LED, na hapa ndipo kartoni inaposema nusu ya ukweli. LED ni jina la taa tu. Kioo chenyewe ni LCD, yaani tabaka la fuwele za kimiminika ambazo hazitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kufungua na kuziba njia ya mwanga unaotoka nyuma. Zamani taa za nyuma zilikuwa mirija myembamba ya umeme, kisha zikaja taa ndogondogo za LED, na wauzaji wakabadilisha jina la runinga nzima. Kinachomhusu mnunuzi ni mahali taa zilipopangwa. Zikiwa ukingoni, runinga inakuwa nyembamba sana, lakini mwanga huelekea kutosambaa sawasawa, na usiku pembe za kioo huonekana na weupe. Zikiwa nyuma ya kioo chote, runinga inanenepa kidogo na mwanga unatulia. Mimi huchagua hiyo nene.

Sababu nyingine ya kuichagua ni fundi. Ugonjwa wa kawaida kabisa wa runinga hizi ni taa za nyuma kuungua: sauti inasikika, stesheni zinabadilika, kioo ni giza. Wengi hudhani runinga imekufa na kuiuza kama chuma chakavu. Kabla ya kufanya hivyo, zima taa za chumbani, iwashe runinga, kisha mulika kioo kwa tochi kwa karibu sana. Ukiona vivuli vya watu vikitembea, kioo kizima. Kilichokufa ni taa zake au saketi inayozilisha. Vipande vya taa huuzwa, na fundi mwenye mkono mtulivu huvibadilisha. Asichoweza kubadilisha kwa bei yenye maana ni kioo chenyewe: kikipasuka, gharama yake hukaribia ile ya runinga mpya.

Taa hizo huungua mapema kwa sababu kiwandani runinga huwekwa kwenye mwanga mkali, ili ing'ae kuliko jirani zake dukani. Siku ya kwanza nyumbani, ingia kwenye mpangilio wa picha na ushushe mwanga wa taa za nyuma hadi nusu au karibu yake. Macho yatazoea haraka, taa zitakaa muda mrefu zaidi, na wati zitapungua.

Ndani ya LCD kuna koo mbili ambazo kartoni haizitaji kamwe, nazo zina uzito kuliko maneno yote yaliyochapwa hapo. VA hutoa weusi mzuri, tofauti ya mwanga na giza ikifika 3,000 kwa 1 au zaidi, lakini ukikaa pembeni rangi hupauka. IPS ina weusi hafifu, kama 1,000 kwa 1, ila picha yake hubaki vilevile hata kwa aliyekaa ubavuni. Juni 2019, Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa, ilipocheza kwa mara ya kwanza fainali za Mataifa ya Afrika, huko Misri, ikikutana na Nigeria, Madagascar na Guinea, mechi zilikuwa za aina ambayo watu hawaitazami peke yao. Kwenye baa yenye mabenchi kila ukuta, aliyekaa kando ya kioo cha VA huona jezi zimefifia na uwanja wa kijani umeingia kijivu. Kwa hiyo mwenye baa, ukumbi wa parokia au sebule inayojaa majirani atafute IPS. Familia inayokaa mbele ya kioo na kutazama jioni taa zikiwa hafifu itafurahia VA zaidi.

QLED bado ni LCD. Imeongezwa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi, chembe ambazo utafiti wake uliwapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Rangi zinapendeza, lakini ikiwa taa za nyuma ni duni, tabaka hilo haliziponyi. Aina inayoitwa Mini-LED, ambayo TCL waliitangulia sokoni mwaka 2019, ina maelfu ya taa ndogo zinazowaka na kuzima kwa mafungu. Ni nzuri kwa chumba chenye jua, na ni ghali.

OLED ndiyo teknolojia niipendayo kwa macho na nisiyoishauri kwa Mutoyi. Ching Tang na Steven Van Slyke waliielezea mwaka 1987 wakiwa Kodak, na LG wakaanza kuuza runinga ya inchi 55 ya aina hiyo mwaka 2013. Kila nukta inajiwakia yenyewe, hivyo penye weusi pamezimwa kabisa, na ukikaa pembe yoyote picha ni ileile. Lakini nukta hizo huchakaa kwa kutumika. Nembo ya kituo ikikaa kwenye kona ileile kutwa nzima, au ubao wa magoli kila wikiendi, alama yake inaweza kubaki kwenye kioo daima. Kupunguza hatari hiyo, runinga hizi hujirekebisha zenyewe baada ya kuzimwa kwa rimoti, zikiwa bado zimechomekwa. Mahali umeme unapokatika ghafla, au mwenye betri ya sola anapokata swichi kila usiku ili kuhifadhi chaji, marekebisho hayo hukosa nafasi ya kufanyika. Ukijumlisha bei yake na kwamba kioo chake hakitengenezeki, inafaa kusubiri.

Umeme wenyewe unaongezeka. Mwaka 2021 mtambo wa jua wa Mubuga, wa megawati 7.5, ulizinduliwa mkoani Gitega, na bwawa la Rusumo kwenye mto Kagera lina megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Hata hivyo umeme wa shirika la Regideso bado hukatika, na jenereta si kimbilio la kutegemea katika nchi ambayo tangu 2021 imepitia uhaba mkubwa wa petroli. Basi geuza runinga usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, runinga itaendelea kufanya kazi hata umeme ukishuka sana. Kikisema 220–240V tu, itahangaika. Kwa vyovyote vile nunua kilinzi cha umeme, kile kinachokata volti zikizidi au kupungua, na kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Wimbi linaloua runinga mara nyingi huja umeme unaporudi.

Radi haizuiwi na kifaa hicho. Eneo letu ni kati ya yanayopigwa zaidi duniani: utafiti wa picha za satelaiti za NASA uliotolewa mwaka 2016 uliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani, ikiwa na miale zaidi ya 200 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa waya wa umeme, kisha chomoa na waya wa antena au dishi. Wengi husahau huo wa pili, na radi hupitia humo.

Kwa nyumba ambazo nyaya hazijafika, hesabu ni fupi na inasema mengi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ili idumu inafaa kutumia nusu tu, yaani 600. LED ya inchi 32 ya wati 40 kwa saa nne hutumia 160. Ya inchi 55 ya wati 120 hutumia 480 kwa muda huohuo, na ukiongeza king'amuzi na kinachopotea ndani ya inveta, chaji ya usiku imekwisha na watoto hawana taa ya kusomea. Zipo runinga zinazotumia volti 12 moja kwa moja bila inveta. Ndizo zilizoiwezesha kampuni kama M-KOPA ya Kenya kuuza sola na runinga pamoja kwa malipo ya kidogokidogo. Kwa nyumba ya sola, hiyo ndiyo runinga ya kununua, hata ikiwa jina lake si kubwa.

Kuhusu 4K, chukua utepe wa kupimia badala ya kusikiliza sifa. Runinga ya kawaida ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, na 4K ina 3,840 kwa 2,160. Kwenye kioo cha inchi 43, jicho zima huacha kutofautisha hizo mbili mtu akikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi. Ikiwa kiti chako kiko mita tatu kutoka ukutani, fedha ya 4K itumie kwenye betri au kilinzi. Tena jihadhari na kartoni za bei rahisi zinazosema runinga "inapokea" 4K: kioo kinaweza kuwa cha nukta 1,366 kwa 768, kikipunguza tu picha kubwa ili itoshee.

Neno kwa wenye ndugu ughaibuni. Familia nyingi za Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi kambini Tanzania zilihamia Marekani miaka ya 2000, na jamaa wakirudi kutembea hutamani kuleta runinga kama zawadi. Ya kule huenda ikahitaji volti 120 tu, na kipokezi chake cha antena ni cha mfumo wa Amerika. Hapa tunahitaji kipokezi cha mfumo wa T2. Ni afadhali jamaa alete fedha, runinga inunuliwe huku.

Siku ya kununua, nenda na flashi yako yenye picha tano: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu, sura ya mtu unayemfahamu, na mechi. Nyeupe itakuonyesha nukta zilizokufa, nyeusi itafichua mwanga unaovuja, kijivu kitatoa madoa, sura itakuambia kama rangi ya ngozi yetu inaonyeshwa kwa haki au imegeuzwa majivu, na mpira utaonyesha kama unaacha mkia ukipigwa. Zitazame kutoka mbele, kisha tembea hadi ubavuni. Iache ikiwaka nusu saa, maana taa dhaifu huanza kupepesa zikipata joto. Namba ya modeli na muda wa dhamana viandikwe kwenye risiti, na muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka jingine.