Kelele Chini ya Gari: Zatoka Wapi?

Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ipandapo kutoka Himo kwenda Marangu huweza kupiga kelele kubwa chini. Fundi mwangalifu hafungui kitu kwanza; husikiliza.

Je, kelele hutokea konani tu, juu ya lami, usukani ukiwa mzito? Huenda dereva amesahau kutoa gia ya magurudumu manne. Penye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, lakini gia hiyo huyalazimisha yaende sawa. Kwenye tope matairi huteleza na kufidia tofauti. Kwenye lami hayawezi. Kuitoa hakugharimu hata senti.

Mngurumo ubadilikao mguu uondokapo kwenye mafuta mara nyingi hutoka kwenye difu. Oili yake na ipimwe.

Mlio wa "ko!" gari liondokapo huashiria krosi ya propela iliyochakaa. Magurudumu huwekewa mawe, kisha propela hutikiswa kwa mkono. Ikicheza, krosi hubadilishwa siku hiyo hiyo, kwa maana breki ya mkono ya gari hili hukamata propela ya nyuma, si magurudumu. Krosi ikikatika mteremkoni, magurudumu manne yakiwa yametolewa, breki hiyo haizuii chochote.