Dondoo Muhimu: Kuchagua Darubini ya Upareni

Yeyote akusudiaye kuingia msitu wa Chome kumtafuta yule ndege mdogo mwenye pete nyeupe machoni, asiyepatikana duniani ila milima ya Pare Kusini, kisha ateremke hifadhi ya Mkomazi kutazama mbwa mwitu, hana budi kufahamu kwamba darubini yake itakabili maadui wawili, ukungu wa kilele cha Shengena na vumbi jekundu la tambarare za Same.

Kwa mwenye uwezo wa wastani, rai yangu ni darubini ya miche (prizimu) ya Porro, ile yenye mabega mapana, iliyopewa jina la Mtaliano Ignazio Porro aliyeisajili hataza yake mwaka 1854. Kwani miche yake hurudisha nuru bila kupakwa utando wa kioo cha kujitazamia, na kwa bei ileile huonyesha taswira angavu kuliko ile ya mirija iliyonyooka.

Chagua yenye alama 8x40, ambayo hulipatia jicho duara la nuru la milimita 5, kadiri itoshayo msituni alfajiri. Ile ikuzayo mara kumi hutetemeka mkononi.

Ukiwa dukani, elekeza darubini penye mwanga, uvitazame vioo vya macho kwa umbali wa mkono: duara la nuru likionekana limekatwa pembeni, miche ni ya kioo hafifu. Tazama kwa darubini ukingo wa paa la mbali. Ukionekana maradufu, miche imehama. Kisha bonyeza taratibu daraja la vioo vya macho, na likiyumba, usinunue, hata ukipunguziwa bei.