Vidokezo 7 vya kupanga sevisi za mashine kwenye programu ya stoo

Vituo vingi vya afya hutumia programu ya stoo kuhesabu dawa na glavu tu. Jenereta na friji ya chanjo nazo ni mali ya kituo, na sevisi zake zinastahili kupangwa humo humo. Umeme ukikatika usiku mama akiwa anajifungua, jenereta lazima iwake.

1. Sajili kila mashine peke yake. Mkiwa na jenereta mbili, kila moja iwe na ukurasa wake: modeli, namba ya kiwandani, mahali ilipo na tarehe ilipoanza kazi. Bandika lebo ya msimbo ili fundi aisome kwa simu.

2. Tumia kalenda na saa za kazi kwa pamoja. Jenereta nyingi za dizeli hubadilishwa oili kila baada ya saa 250 hivi, lakini hata isiyowashwa sana oili yake huchakaa. Weka masharti mawili: saa 250 au miezi 12, lolote litakalotangulia. Mwongozo wa mtengenezaji ukitaja kiwango kingine, ufuate huo.

3. Amua hesabu inaanzia wapi. Tuseme sevisi ya kila miezi 3 ilipangwa Machi 1, ikafanyika Machi 20. Programu ikihesabu kuanzia kazi ilipokamilika, inayofuata ni Juni 20. Ikifuata tarehe maalumu, ni Juni 1. Oili mpya inafaa ihesabiwe tangu siku ilipowekwa. Ukaguzi wa kisheria, au ule wenye cheti kinachoisha muda, ubaki kwenye tarehe yake.

4. Tenganisha ukaguzi na sevisi. Mtungi wa kuzimia moto hutazamwa kila mwezi: mshale uko kwenye kijani? Pini ipo? Mtaalamu huuhudumia kila mwaka. Friji ya chanjo husomwa jotoridi asubuhi na jioni, libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Matengenezo yake yana ratiba nyingine. Ukichanganya yote, vikumbusho vya kila siku vitaifunika kazi kubwa ya mwaka.

5. Andika jina la mtu. Kikumbusho kinachotumwa kwa "idara" hakina mwenyewe. Mtaje mhusika na atakayeshika nafasi yake akiwa likizo. Ujumbe wa kwanza utoke wiki 2 kabla, kuwe na muda wa kuagiza vifaa na kumwita fundi.

6. Unganisha sevisi na spea. Orodhesha oili, chujio la oili na chujio la mafuta chini ya jenereta husika, kisha weka kiwango cha chini cha akiba. Fundi akifika akakuta chujio halipo, ratiba yote imevunjika. Kila spea inayotumika ipunguzwe stoo siku hiyo hiyo.

7. Usifunge kazi bila maelezo. Andika usomaji wa mita ya saa, kilichobadilishwa, gharama na kasoro iliyoonekana. Rekodi za miaka kadhaa zitakuonyesha mashine inayokula fedha nyingi kuliko thamani yake, nawe utakuwa na hoja ya kuomba bajeti ya mpya.

Usisubiri kusajili kila kitu ndipo uanze. Chagua mashine moja ambayo ikisimama wagonjwa wataumia, ipangie sevisi yake leo, kisha endelea na inayofuata.