Wastani wa Fremu Hautoshi: Mafunzo Niliyopata Nikilinganisha Kadi za Grafiki

Kila rafiki anayetaka kununua kadi ya grafiki huniuliza swali lilelile: ipi kali zaidi? Nimezipima nyingi hapa Dar es Salaam, mpya na zilizokwisha kutumika, kwa gemu nzito kama Cyberpunk 2077 na Red Dead Redemption 2. Nayaandika haya kwa sababu kadi ni fedha nyingi, na anayeinunua mara nyingi ni kijana aliyejinyima muda mrefu kuipata.

1. Wastani huficha mikwamo

Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapewa takriban milisekunde 16.7. Sasa chukua sekunde moja ambayo fremu 59 zimetoka kwa milisekunde 10 kila moja, halafu ya 60 ikachukua milisekunde 410. Hesabu inakubali: fremu 60, sekunde moja. Lakini aliyeshika mausi ameona picha ikiganda karibu nusu sekunde, na kama alikuwa anakata kona kwa gari, ameshagonga ukuta. Scott Wasson wa The Tech Report aliliweka wazi jambo hili mwaka 2011, alipoanza kupima muda wa kila fremu badala ya kuridhika na idadi ya fremu kwa sekunde. Mimi namba ya kwanza ninayoitafuta ni ile ya asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi. Kadi yenye wastani wa 70 inayoporomoka hadi 25 kila ukifika penye watu, naiweka chini ya ile yenye wastani wa 60 isiyoshuka chini ya 50.

2. Pima mahali penye kazi

Ukiwa jangwani nje ya Night City, jiji la Cyberpunk 2077, kadi ya kawaida inatamba. Ingia mitaani, penye umati, magari, na taa za matangazo zinazoakisiwa kwenye lami iliyolowa, ndipo utakapoijua. Red Dead Redemption 2 nayo ni hivyo: porini mambo ni shwari, ukiingia jiji la Saint Denis namba zinashuka. Huwa nachagua njia moja na kuirudia, kwa saa ileile ya ndani ya gemu na hali ya hewa ileile. Mzunguko wa kwanza siuhesabu, kwa kuwa gemu bado inapakia vitu vyake.

3. Soma zaidi ya jina

RTX 3060 iliyotoka mwaka 2021 ina memori ya GB 12 na njia ya memori ya biti 192. Mwaka 2022 ikaja nyingine, jina lilelile, yenye GB 8 na biti 128. Ya laptopu ina GB 6, na mtengenezaji wa laptopu anaweza kuipa umeme wa wati 60 au hata 115, kwa hiyo laptopu mbili zenye stika moja zinapishana sana. Kabla yao kulikuwa na GTX 1060: ile ya GB 3 haikupungukiwa memori tu, hata kori zake ni 1,152 badala ya 1,280. Anayesema "nina 3060" bado hajaniambia kitu.

4. Memori ikijaa, nguvu ya chipu haisaidii

The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023, wenye kadi za GB 8 waliopandisha ubora wa picha hadi juu kabisa walipata tabu. RTX 3070 ilikuwa na chipu yenye nguvu, ila GB zake ni 8. Memori ya kadi ikijaa, data inalazimika kwenda na kurudi kwenye RAM ya kompyuta kupitia sloti ya PCIe, ambayo ni ya polepole kuliko memori ya kadi yenyewe, na hapo ndipo gemu inapoanza kukwamakwama. RX 6500 XT inaumia zaidi: ina GB 4 na njia nne tu za PCIe, na ukiichomeka kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 njia hizo zinakuwa finyu maradufu.

5. Usiisingizie kadi makosa ya prosesa

Skrini ya 4K ina pikseli mara nne ya skrini ya 1080p, na kazi ya kuzichora ni ya kadi. Shusha resolushani: fremu zisipoongezeka, kadi haina kosa, prosesa ndiyo imezidiwa.

6. Fremu za kubuniwa zihesabiwe kando

DLSS 3, iliyokuja mwaka 2022 na kadi za RTX 40, huchomeka fremu za kubuni kati ya fremu halisi. Picha inakuwa laini, lakini fremu 60 zilizotokana na 30 halisi bado mkononi unazisikia nzito kama 30. Ninapolinganisha kadi mbili, huizima kwanza.

7. Joto letu ni sehemu ya kipimo

Kipimo cha dakika tatu kinaipendelea kadi. Chumba kisicho na kiyoyozi, mwezi wa Februari, kinaipandisha joto hadi ipunguze kasi yenyewe ijiokoe. Kwa sababu hiyo RTX 4060 inayotumia wati 115 napenda kuipendekeza kwa vyumba vyetu kuliko 3060 ya wati 170, isipokuwa kwa mtu anayehitaji zile GB 12. Kadi zilizowahi kuchimba sarafu za Ethereum, zilizomwagika sokoni mwaka 2022, zikague feni zake kwanza.

Kwa hiyo ukienda dukani, chukua gemu yako kwenye diski ya nje. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako kwa nusu saa, penye umati, kwa setingi utakazotumia nyumbani. Akikataa, nenda duka jingine.