Mafuta ya Chakula na Uzazi wa Samaki wa Kufuga

Kwa wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, samaki ni kitu cha kutafutwa baharini kwa ngalawa, mshipi na nyavu. Lakini samaki aweza pia kufugwa bwawani, kama kuku afugwavyo bandani. Jambo hili si geni upande wa Kisauni. Huko Bamburi, mnamo mwaka 1971, Bwana René Haller alianza kuyafufua machimbo ya mawe yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Mivinje ilipandwa juu ya mwamba mtupu, na perege, ambao sokoni huitwa tilapia, wakafugwa mahali ambapo zamani halikuota hata jani.

Mwenye bwawa ana njia mbili za kupata vifaranga: kuwanunua, au kuwazalisha mwenyewe. Anunuaye hutoa fedha kila msimu. Azalishaye huokoa fedha hizo, lakini faida yake hupotea ikiwa majike wanataga mayai machache, au mayai yanakufa kabla ya kuanguliwa. Hapo watu hulaumu maji, au ndege, au jicho la hasidi. Yafaa wakitazame chakula pia, na hasa mafuta yaliyomo ndani yake.

KAZI YA MAFUTA

Perege jike anapojiandaa kutaga, ini lake hutengeneza chakula cha mayai, chenye protini na mafuta, na damu hukipeleka mpaka kwenye mfuko wa mayai. Chakula hicho ndicho kiini cha yai. Baada ya kutaga, mama huyachukua mayai kinywani mwake na kuyatunza humo, pamoja na watoto wakiisha kuanguliwa, kwa muda wa siku 10 hivi au zaidi. Siku hizo zote yeye hali chakula, au hula kidogo sana, na watoto huishi kwa kiini tu. Basi, kiini kikiwa dhaifu, hakuna njia ya kukitengeneza baadaye. Mtoto wa samaki hula leo kile alichokula mama yake majuma yaliyopita.

Tena mafuta hayafanani. Yako mafuta ya lazima, ambayo mwili wa samaki hauwezi kuyatengeneza wenyewe. Hayana budi kuja kwa chakula. Perege huhitaji hasa yale yanayopatikana katika soya, mahindi na ufuta. Katika kilo 100 za chakula chake, mafuta hayo ya lazima yatosha yakiwa nusu kilo hadi kilo moja. Kwa kuwa karibu nusu ya mafuta ya soya ni ya namna hiyo, kilo moja au mbili za mafuta ya soya zaweza kutimiza haja yote.

MNENE SI LAZIMA AWE MZAZI BORA

Mwaka 1993 wataalamu wa Ufilipino walitangaza matokeo ya jaribio la kuwalisha perege mafuta ya namna mbalimbali. Waliopewa mafuta ya ini la samaki aina ya kodi walinenepa kuliko wote, lakini katika uzazi wakawa wa mwisho. Waliopewa mafuta ya soya ndio waliotoa vifaranga wengi. Mwaka 2011 wataalamu wa Malaysia nao walionyesha ya kuwa mafuta ghafi ya mawese, yale mekundu, yaliwafaa perege wazazi kuliko mafuta ya samaki au ya kitani. Kwa hiyo mfugaji asihesabu uzito peke yake. Samaki wa kuuza na samaki wa mbegu wana mahitaji mbalimbali.

Hapa Pwani mashudu ya mbata hupatikana kwa urahisi, nayo ni chakula kizuri cha kuchanganya. Lakini mafuta ya nazi yana kiasi kidogo sana cha mafuta ya lazima, kama sehemu 2 tu katika 100. Anayetegemea mashudu hayo peke yake aongeze soya au mashudu ya ufuta. Mashudu ya pamba yatumiwe kwa kiasi, maana mbegu za pamba zina sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo ikizidi huweza kudhoofisha uzazi, hasa wa madume.

MAFUTA YALIYOCHACHA

Joto na unyevu wa Mombasa ni adui wa chakula cha samaki. Mafuta yakikaa juani au katika gunia lililo wazi huchacha, nayo huharibu vitamini E, ambayo huyalinda mayai na mbegu za dume. Wauzaji wengine hupunguza bei ya chakula kilichokaa muda mrefu. Mnunuzi na akumbuke: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Afungue gunia, anuse, na atazame kama pana ukungu. Kinachonuka uvundo kisinunuliwe hata kikiuzwa kwa nusu ya bei.

Ama mwatiko, afugwaye katika mabwawa ya maji ya chumvi kando ya mikoko, yeye hutaga baharini, na wafugaji hukusanya vifaranga wake katika hori. Mama zao wamelishwa na bahari yenyewe. Hii ni sababu mojawapo ya kuitunza mikoko, kwa maana ndimo watoto hao wanamokulia.

MAMBO YA KUFANYA

Samaki wazazi watengwe na wale wa kuuza, dume mmoja kwa majike watatu. Chakula chao kibadilishwe majuma kadhaa kabla ya kutaga, si siku ile mayai yanapoonekana. Kinunuliwe kidogo kidogo, kiwekwe kivulini juu ya mbao, mbali na sakafu. Mafuta yasizidishwe, kwa sababu ziada hugeuka shahamu tumboni. Idadi ya vifaranga iandikwe daftarini kila mara, na mwenye shaka amwendee Bwana Samaki, yaani afisa wa uvuvi, akiwa na daftari hilo mkononi. Mfugaji mwenye hesabu husaidiwa upesi kuliko mwenye malalamiko.