MTOTO WA MPIRA ANAYEWAFUNZA WAKUNGA

Huku kwetu Kericho hakuna aliyejua kuchuma chai kwa kuambiwa tu "majani mawili na chipukizi". Ni vidole kuzoea, siku baada ya siku. Kumbe na wakunga ni vivyo hivyo!

Yupo mwanasesere aitwaye NeoNatalie, kazi ya kampuni ya Laerdal ya Norway. Hujazwa maji vuguvugu kama lita mbili, basi ukimbeba analegea mkononi kama mtoto mchanga hasa. Mwalimu akibonyeza vipira vyake, mtoto hupumua au hulia. Asipobonyeza, kimya! Hapo mkunga ana dakika moja, waiitayo dakika ya dhahabu: amkaushe, amsugue mgongo, na asipopumua ampe hewa kwa mfuko na barakoa. Akikosea, hakuna mama anayelia.

Hebu tuvuke mpaka hadi hospitali ya Haydom, Tanzania. Mwaka 2010 wakunga walifunzwa siku moja. Baada ya miezi saba walimhudumia mwanasesere vizuri, lakini kwa watoto wenyewe mambo yalikuwa yale yale. Ndipo wakaanza kujizoeza dakika chache tu, mara kwa mara, papo hapo kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1000 waliozaliwa hai.

Mwanasesere alikuwa yule yule, jamani. Kilichobadilika ni hizo dakika chache. Dada yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nikimsindikiza kliniki nitawauliza wakunga walijizoeza lini mara ya mwisho. Wakiniona mjuaji, sawa.