"Kutwa Mara Tatu": Semantiki ya Agizo la Muuguzi

Makala haya yanachunguza agizo moja la muuguzi nchini Tanzania: "Kidonge kimoja, kutwa mara tatu." Kisemantiki, *kutwa* huanzia macheo hadi machweo, usiku mzima ni *kucha*. Mgonjwa aifuataye maana hiyo humaliza vidonge vyote mchana, na usiku kiwango cha dawa mwilini huweza kushuka kupita kiasi. Kwa dawa ya kila baada ya saa 8, agizo bayana ni: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Aidha, swali "Umeelewa?" halifichui kosa, kwa kuwa heshima humsukuma mgonjwa kuitikia "Ndiyo." Inapendekezwa muuguzi aulize: "Mama, utameza saa ngapi na saa ngapi?" Jibu la mgonjwa ndilo kipimo cha mawasiliano.